Goti Halikeshi Peke Yake

Kila jioni, kigiza kinapoanza kuingia Namakwekwe, kaskazini mwa jiji la Mbale, maduka madogo ya dawa hupata wateja wa aina moja: wazee, au wajukuu waliotumwa na wazee. Kinachoombwa ni kilekile. Vidonge viwili vya diklofenaki vya magoti, Panadol mbili, na kidonge kimoja cha njano cha Piriton, “cha kuleta usingizi”. Muuzaji anakata karatasi, anafunga, anapokea pesa, na mambo yameisha. Ndani ya biashara hiyo ndogo mna nadharia nzima ya tiba, ingawa hakuna aliyeitamka: kwamba maumivu ndiyo yanayofukuza usingizi, kwa hiyo ukiyazima usingizi utarudi wenyewe, na usiporudi, upo wa kununua. Nadharia hiyo ni ya kweli nusu. Nusu ya pili ndiyo ninayotaka kuitetea hapa, kwa kuwa ndiyo inayopuuzwa na ndiyo isiyo na gharama kubwa. Usingizi uliokatika vipande huzaa maumivu kama unavyozaliwa nayo, na mzee mwenye viungo vibovu atapata nafuu zaidi akianza kuunga usingizi wake kuliko akiongeza idadi ya vidonge.

Kiswahili kina jina la maradhi haya, baridi yabisi, na jina hilo limetusaidia na kutupoteza kwa pamoja. Neno yabisi ni sahihi kabisa: kitu kilichokauka, kilichokakamaa, kisichokunjika, ndivyo goti linavyojisikia mtu anapotaka kushusha mguu kitandani alfajiri. Neno baridi ndilo linalotupoteza. Mbale iko chini ya ukuta wa miamba ya Wanale, na usiku wa mvua ubaridi unaoteremka kutoka huko hulaumiwa kwa kila kiungo kinachouma mjini. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2019, ambapo watu zaidi ya 2,600 wenye maumivu ya kudumu waliandika hali zao kila siku kwenye simu, uliona kwamba siku za unyevu, upepo na mgandamizo mdogo wa hewa huongeza maumivu kweli, lakini kwa kiasi kidogo. Wazee hawakukosea, basi. Ila wamemtwisha baridi mzigo mkubwa kuliko uwezo wake, na ubaya wa kulaumu hali ya hewa ni kwamba hakuna mtu awezaye kuibadilisha.

Jina hilo moja pia limefunika magonjwa yasiyofanana, kila moja na saa yake ya usiku. La kwanza na la kawaida zaidi uzeeni ni kulika kwa gegedu la goti, nyonga na vidole. Hili huuma baada ya kutumika, humwamsha mtu anapogeuka, na ukakamavu wake wa asubuhi kwa kawaida huisha kabla ya nusu saa. La pili ni uvimbe wa viungo unaoletwa na kinga ya mwili kujishambulia yenyewe. Kemikali zake za uvimbe hupanda mwishoni mwa usiku, kabla homoni ya kotisoli haijafika kuzituliza, na ndiyo maana mgonjwa wake huamka amekakamaa kwa saa nzima au zaidi. La tatu ni jongo, linaloshika kidole gumba cha mguu kama moto. Utafiti wa mwaka 2015 uliofuatilia wagonjwa 724 ulikuta kwamba hatari ya shambulio la jongo kati ya saa sita usiku na asubuhi ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mchana. Anayekunywa pombe ya malwa na kula nyama ya sherehe, kisha akaamka saa nane akiugulia maumivu, hana haja ya kumtafuta mchawi. Kuna pia kundi la nne, ambalo si baridi yabisi hata kidogo: mgongo unaouma zaidi usiku kuliko mchana, mwili unaopungua, homa, jasho la kulowanisha shuka. Kwa mzee huyo kunaweza kuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, bruselosi iliyotoka kwenye maziwa mabichi, au saratani ya tezi dume iliyofika mifupani. Huyo aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbale, na yote yanayofuata katika makala haya hayamhusu mpaka apimwe.

Magoti ya upande huu wa Uganda yana sababu za kuchoka. Ni magoti yaliyoteremsha mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa kutoka milimani. Mengine yalikanyaga pedali za bodaboda za baiskeli, usafiri uliozaliwa mpakani huku mashariki katika miaka ya 1960. Yapo ya wanawake wa Kisoga, yaliyopigwa chini kwa heshima, kumsalimu mkwe, kumwandalia mume, kuwahudumia wageni, mara nyingi kwa siku na kwa miaka mingi. Kupiga magoti, kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito ni mambo ambayo tafiti za kazi zimeyahusisha na kulika kwa goti tangu zamani. Jinja ina kundi lake: wazee wa Walukuba waliokuwa vibarua wa viwandani, waliolala mchana wiki moja na usiku wiki nyingine, wakafika uzeeni mwili haujui tena saa ya kulala ni ipi.

Sasa ushahidi. Mwaka 2007 Michael Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanawake 32 wenye afya, wasioumwa popote. Baadhi waliachwa walale. Baadhi walipunguziwa usingizi kwa kucheleweshwa kulala, lakini wakaachwa walale moja kwa moja. Wengine waliamshwa mara kadhaa usiku. Walioamshwa-amshwa ndio walioharibikiwa: uwezo wa ubongo wao kuzuia maumivu ulishuka, na wakaanza kuhisi maumivu ambayo hayakuwapo. Wale waliolala kidogo lakini kwa kipande kimoja hawakupata hasara hiyo. Naliona jaribio hili kuwa muhimu kuliko mengine yote katika suala letu, kwa sababu linatenganisha vitu viwili tunavyovichanganya kila siku, uchache wa usingizi na ukatikaji wake. Mzee akisema “sikulala”, mara nyingi maana yake ni kwamba alilala mara sita.

Kwa wagonjwa wenyewe, kundi la Michael Irwin wa Los Angeles liliripoti mwaka 2012 kwamba watu wenye uvimbe wa viungo waliozuiwa kulala kuanzia saa tano usiku hadi saa tisa waliamka na maumivu zaidi na viungo vingi zaidi vinavyouma kuliko jana yake. Usiku mmoja tu, na si usiku mzima. Mwaka uliofuata, mapitio ya tafiti za muda mrefu yaliyoandikwa na Finan, Goodin na Smith yalihitimisha jambo ambalo halijafika madukani kwetu: kwamba usingizi mbaya wa leo unatabiri maumivu ya kesho kwa uhakika zaidi kuliko maumivu ya leo yanavyotabiri usingizi mbaya. Njia ni ya kwenda na kurudi, lakini upande mmoja una magari mengi zaidi.

Ikiwa ukatikaji ndio adui, tuuhesabu usiku mmoja wa Namakwekwe. Jua huzama kabla kidogo ya saa moja jioni mwaka mzima, maana Mbale iko digrii moja tu kaskazini mwa ikweta. Chakula huliwa, redio husikilizwa, na Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha kwenye mita hakuna la kungojea. Saa mbili na nusu mzee yuko kitandani. Atatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hizo ni saa kumi. Mwili wa mtu wa miaka 70 na kitu hutengeneza, tuseme, saa sita za usingizi, na ule mzito wa mwanzo wa usiku umekwisha kupungua kwa umri. Saa sita zinatandazwa juu ya saa kumi. Donge la unga wa chapati moja ukilisukuma lifunike meza nzima, litatoboka; na matundu yale ndiyo saa za kugaagaa, za kusikiliza mbwa, za kulipapasa goti na kuhesabu madeni. Maumivu ambayo mtu angeyapita akiwa usingizini anayakuta macho makavu, bila la kufanya ila kuyasikiliza.

Dawa ya hesabu hiyo inajulikana tangu miaka ya 1970 na 1980, na haimo ndani ya chupa. Richard Bootzin alionyesha mwaka 1972 kwamba kitanda hufundisha ubongo: anayelala macho kitandani kila usiku hatimaye huamshwa na kitanda chenyewe, kwa hiyo asiyepata lepe la usingizi kwa muda unaofanana na robo saa, bila kutazama saa, na aondoke, akae mahali pa giza na utulivu, arudi akisinzia. Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake wakaongeza sehemu inayowashangaza wagonjwa wote: punguza muda wa kukaa kitandani. Kwa mzee wetu ina maana ya kupanda kitandani saa nne usiku na kutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila siku, hata Jumapili, hata baada ya usiku mbaya. Wiki ya kwanza ni ngumu. Njaa ya usingizi inajengeka, vipande vinaanza kuungana, na mtu akishakuwa analala sehemu kubwa ya muda alio kitandani, yaani kama asilimia 85, anaongezewa robo saa, kisha nyingine. Usingizi wa mchana unabaki, ila uwe mmoja, wa nusu saa, kabla ya saa tisa alasiri.

Hili limejaribiwa kwa wazee wa maradhi haya haya. Mwaka 2009 Michael Vitiello na wenzake wa Seattle walionyesha kwamba wazee wenye kulika kwa viungo waliofundishwa namna hii walilala vizuri zaidi, na maumivu yao yakapungua, ingawa somo halikugusa maumivu. Mwaka 2021 Susan McCurry na kundi lake walifanya jaribio kubwa zaidi, watu 327 wa miaka 60 na kuendelea katika jimbo la Washington, kwa simu tu, mazungumzo sita ndani ya wiki nane. Mwaka mmoja baadaye, zaidi ya nusu ya waliofundishwa hawakuwa tena na tatizo la kukosa usingizi, dhidi ya takriban robo ya wenzao. Maumivu yao yalipungua mwanzoni, lakini baada ya mwaka tofauti ilikuwa imefifia. Hapo msomaji makini atanibana: basi usingizi hautibu goti. Hautibu, na sikusema unatibu. Gegedu lililolika halioti upya kwa sababu mtu amelala. Kilichopungua ni sauti ambayo kwayo ubongo unalisikia goti hilo. Na hata pale maumivu yaliporudi, usingizi ulibaki, na uchovu ulibaki umepungua. Diklofenaki ikipimwa kwa mizani hiyohiyo ya mwaka mzima haina cha kujivunia.

Pingamizi la pili ni la heshima zaidi, na hutolewa na wazee wenyewe: mtu mzima hulala kidogo, ndivyo alivyoumbwa, mwacheni. Lina ushahidi kutoka jirani kabisa. David Samson na wenzake, akiwamo mwanaakiolojia wa Tanzania Audax Mabulla, waliwavisha Wahadza 33 wa karibu na Ziwa Eyasi vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana kinyume chake, na watafiti wakapendekeza mwaka 2017 kwamba babu na bibi wenye usingizi mwepesi walikuwa walinzi wa kambi tangu enzi. Utafiti mwingine wa mwaka 2015, uliowapima Wahadza, Wasan na Watsimane wa Bolivia, uliwakuta wakilala wastani wa saa 5.7 hadi 7.1, chini ya zile saa nane tunazohubiriwa. Nalikubali pingamizi hili karibu lote. Mzee anayeamka saa tisa, akasikiliza kama mlango umefungwa, akageuka na kulala tena, hana ugonjwa na asitafutiwe dawa. Ila kuamka si kukesha. Anayeamka saa tisa na kubaki macho hadi alfajiri, siku nyingi kwa wiki na miezi kwa mfululizo, na mchana akawa hana hamu ya chakula wala ya watu, huyo halindi kambi. Na ukweli wa Wahadza unaunga mkono hoja yangu kuliko kuibomoa: ikiwa mwili wa mzee una saa sita, kumlaza saa kumi ni kumtesa.

Lakini goti linauma kweli, na si haki kuliambia goti habari za njaa ya usingizi tu. Lina mambo yake ya kufanyiwa, na mengi ni ya fundi seremala kuliko ya daktari. Kitanda kikiwa chini mno, mtu hunyanyuka kwa kulazimisha goti lililokunjwa kupita kiasi, na kila safari ya chooni inakuwa adhabu. Matofali manne chini ya miguu ya kitanda, yaliyokaa imara, hukipandisha mpaka mapaja yalale sawa na miguu ikanyage sakafu. Anayelala ubavu aweke mto mdogo, au kanga iliyokunjwa, katikati ya magoti. Anayelala chali asizoee mto mnene chini ya magoti usiku kucha, kwa kuwa goti huzoea kupinda na likakataa kunyooka. Ile imani kwamba mgongo unataka kitanda kigumu kama mbao haikusimama ilipojaribiwa: utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2003, wa watu 313 wenye maumivu ya mgongo, uliona godoro la ugumu wa kati likiwafaa kuliko lile gumu. Godoro la sponji lenye shimo katikati ligeuzwe, kichwa kiende miguuni, kabla ya kufikiria kununua jipya.

Maji ya moto tayari tunayo, tatizo ni saa. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2019 yaliona kwamba kuoga au kuloweka miguu katika maji ya joto la nyuzi 40 hadi 42 na nusu, saa moja au mbili kabla ya kulala, kunaharakisha usingizi kwa wastani wa dakika kama kumi, maana mwili unaotoa joto ndio unaolala. Beseni la saa mbili usiku kwa anayelala saa nne ni mpango mzuri. Jiko la makaa lililoingizwa chumbani ili kupasha magoti si mpango, ni kifo. Hewa yake ya sumu haina harufu. Mchana nao una deni. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalithibitisha kwamba mazoezi hupunguza maumivu ya goti lililolika, na zoezi la kutosha kuanzia ni kusimama na kuketi kwenye kiti mara kumi, asubuhi na jioni, na kutembea juani hadi sokoni. Mwanga wa mchana na miguu iliyochoka ni mtaji wa usiku.

Nije kwenye vidonge, maana sisemi vitupwe. Panadol hudumu saa nne hadi sita. Iliyomezwa na chakula cha saa moja imekwisha nguvu kabla ya saa saba usiku, na mzee anaamka kwa wakati wake kama treni. Ikimezwa wakati wa kupanda kitandani inafanya kazi pale inapohitajika, ingawa kwa goti lililolika nguvu yake ni ndogo hata hivyo. Dawa ya kupaka yenye diklofenaki inastahili kutangulia ya kumeza kwa goti. Ndivyo mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 unavyoshauri, kwa sababu ile ya kumeza hutoboa tumbo, hupandisha presha na huchosha figo, na wazee wengi wanaoimeza wana presha tayari. Vidonge vya presha vya kukojosha vikimezwa jioni vinampeleka mtu chooni mara nne. Asubuhi ndiyo saa yake. Predinisoloni na ndugu zake, zinazouzwa kiholela na pengine kuchanganywa kimyakimya ndani ya “dawa za mitishamba” zinazoponya kwa siku moja, hukimbiza usingizi zikimezwa jioni, na kuziacha ghafla kuna hatari. Na Piriton ile ya njano? Ni dawa ya mafua na mzio. Usingizi wake ni madhara ya pembeni, ambayo mwili huyazoea baada ya siku chache, huku mdomo mkavu, haja ngumu, mkojo uliozuiwa na tezi dume, na kuchanganyikiwa usiku vikibaki. Orodha ya Beers, iliyoanzishwa mwaka 1991 na sasa kutunzwa na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani, inashauri wenye miaka 65 na zaidi waepuke dawa za aina hiyo na za aina ya Valium. Mzee aliyelewa dawa, anayetafuta ndala gizani kwa miguu isiyokunjika, yuko njia moja na kuvunjika nyonga.

Hatari ya kuanguka inanilazimu kuiwekea mipaka hata tiba ninayoisifu. Kupunguza muda wa kitandani huleta usingizi wa mchana katika wiki za mwanzo. Asipunguziwe mtu chini ya saa tano na nusu, na aliye dhaifu apunguziwe polepole, robo saa kwa wiki. Mwenye kifafa, anayeendesha bodaboda, na anayekoroma kwa kishindo kisha pumzi ikakatika, waonane kwanza na daktari. Pombe nayo huingia hapa: malwa humlaza mtu haraka na kumwamsha saa nane. Chai ya majani ya saa moja usiku ni kesi ndogo lakini ya kila siku. Inachekesha kwamba Wagisu wa huku Mbale, wanaoilisha dunia kahawa ya arabika, wengi wao hawainywi; wanakeshezwa na chai.

Nani atawafundisha wazee haya yote? Wataalamu wa tiba ya usingizi hawapo mitaani, na swali hili huzima hoja nyingi nzuri. Uganda imelijibu mara moja. Jaribio lililochapishwa mwaka 2003 lilifanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ambako watu wa kawaida wa hapohapo, waliopewa mafunzo mafupi, waliendesha vikundi vya mazungumzo kwa watu wenye sonona, na sonona ikapungua kwa kiasi kilichowashangaza wataalamu. Kanuni za usingizi ni rahisi kuliko za sonona. Wahudumu wa afya wa vijiji, ambao kila mtu anawaita VHT, wapo. Wazee sana hukusanyika kupokea pensheni ya uzeeni, SAGE, na hungoja muda mrefu chini ya miti. Muuzaji wa dawa yupo kila jioni, na kabla ya kukata karatasi anaweza kumuuliza mzee, “Jaja, unapanda kitandani saa ngapi?” Swali hilo halimpunguzii mauzo kama anavyodhani; atauza dawa ya kupaka badala ya Piriton.

Pingamizi zito kuliko yote ni la nyumba yenyewe. “Ondoka kitandani uende chumba kingine” ni ushauri wa mtu mwenye chumba kingine. Katika mizigo, yaani vyumba vile vya kupanga vilivyopangana kwa safu, mzee hulala na wajukuu watatu, choo cha shimo kiko uani na ni cha wapangaji wote, na chandarua kilichochomekwa vizuri ni mtego kwa anayetaka kutoka haraka. Ushauri unabadilika umbo, msingi haubadiliki. Chumba kingine ni kiti kilichowekwa upande wa pili wa pazia. Ndoo yenye mfuniko, ikiwekwa karibu na ukuta wa kushika, inaondoa safari ya uani, na heshima haipungui ikimwagwa na mwenyewe asubuhi. Tochi ifungwe kwa kamba kwenye nguzo ya kitanda. Wajukuu walale upande wa mlango, mzee upande wa ukuta wenye njia wazi. Haya hayahitaji pesa, yanahitaji mtu wa makamo katika nyumba akubali kwamba usingizi wa mzee ni jambo la kupangwa, kama zamu ya maji.

Na mahali hapa pana kitu ambacho madaktari wa Seattle wanakitafuta kwa taabu: saa ya kuamka isiyobadilika. Huko kaskazini alfajiri huhama kwa saa kadhaa kati ya Juni na Desemba. Mbale, adhana ya alfajiri husogea kwa nusu saa tu mwaka mzima. Mwislamu anayeitikia, na jirani yake Mkristo anayeisikia tu, wote wana nanga ya bure. Mwenye goti lililokakamaa aswali ameketi kwenye kiti, ruhusa ipo. Kosa ni kurudi kitandani baadaye na kulala hadi saa tatu, maana hapo nanga imeng'olewa.

Kinachobaki bila jibu la nyumbani ni kelele. Baa, vibanda vya video, mikesha ya maombi, vipaza sauti vya kila dini na visivyo na dini. Uganda ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2003, zenye kiwango cha chini zaidi usiku kuliko mchana, na mzee mmoja mwenye fimbo hawezi kwenda kuzitekeleza mwenyewe saa saba usiku. Hiyo ni kazi ya jiji. Ila zipo kelele ambazo wazee wenyewe hawataki zinyamazishwe. Katika miaka inayogawanyika kwa mbili, Agosti inapofika na imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu, ikafunguliwa Mutoto, ngoma za kadodi huzunguka mitaa na hakuna babu wa Kigisu atakayewaambia vijana wapunguze sauti. Kwa wiki hizo asilazimishe saa nne. Akae nje na wenzake, amejifunika blanketi magotini, alale ngoma ikishapita, saa tano au saa sita, na saa ya kuamka ibaki ileile.